Bwawa Lako Lilijaa, Mtani, Likashuka

Mama Kulwa, mtani wangu,

Shikamoo. Leo nimekuamkia kwa adabu zote, tena kwa maandishi, na huna namna ya kuniharibia. Ulipokuwa hai nilikuwa nakutupia shikamoo nikiwa mbali, kwa sababu nilijua jibu lako: "Marahaba, Msagara, lakini simama hapo hapo, unaninukia moshi wa milimani." Nami nakurudishia kwamba babu yenu aliletwa huku kutoka Tabora kukata mkonge wa watu, akapotea njia ya kurudi, na ninyi mpaka leo hamjui mko wapi. Unacheka mpaka unashika mbavu, unanivunjia kipande cha muwa, tunakaa. Sasa sina wa kumtania asubuhi. Nimejaribu kwa wengine, wananuna.

Nakuandikia nikiwa Mikumi, kwa mwanao Doto. Nimekaa kwenye benchi la kibanda chake cha chakula hapa kando ya barabara kuu, na kila lori likipita meza inatetemeka, kwa hiyo mwandiko ukiona umepinda usinicheke, nusu ni lori na nusu ni darasa la nne langu. Daftari ni la Neema. Doto mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama Neema, tangu jana unaongea na mama ukiwa unanisaidia kumenya viazi, watu wanakushangaa. Yaandike. Nikija Kilosa nitakwenda kumsomea pale kaburini." Basi nimeyaandika.

Najua unachotaka kuuliza. Lile bwawa, wamelifukia au hawajalifukia? Subiri. Mimi uliniacha siku kumi na mbili kwenye ngazi za hospitali nikisubiri kusikia hali yako, na wewe subiri kurasa mbili tatu.

Doto hakuwepo wakati tunagombana, na yeye ndiye msomaji, kwa hiyo naanza mwanzo kwa ajili yake.

Unakumbuka kile kiangazi watu wa serikali walipokuja na tingatinga lenye kijiko. Likapanda juu ya mtaa wetu wa Magomeni kule Kilosa, pale kwenye lile shamba la alizeti lililoachwa, karibu na korongo linaloteremka kutoka mlimani, likachimba siku sita. Mimi nilisimama pembeni nimemshika Neema mkono, kama vile lile tingatinga lilikuwa linamtafuta yeye. Shimo likaenda chini, likaenda chini, mpaka mwanaume akisimama ndani huoni kofia yake. Wakasema ni bwawa la kupunguza mafuriko. Nikapiga kelele mbele ya watu wote: maji yameshaingia mpaka vitandani kwetu miaka mingapi, na leo mnatuchimbia mengine juu ya vichwa vyetu?

Wewe ulikuwa umekalia ndoo iliyopinduliwa. Ukatema kapi la muwa, ukasema, "Mama Neema, bwawa hili si la kuweka maji. Ni la kuyachelewesha."

Sikuelewa. Watu wengi hawakuelewa. Ukaniuliza kama nimewahi kwenda zahanati siku ya chanjo. Ukasema akina mama wote mkiingia kwa mpigo mlango unang'oka na nesi anakimbia. Ndiyo maana mnakalishwa kwenye benchi, anaitwa mmoja anaingia, anaitwa mwingine anaingia. "Hili shimo ni benchi la maji ya mlimani," ukasema. "Mvua kubwa ikija yanakaa hapa, yanatoka kidogo kidogo kwa lile bomba la chini, yanafuata mtaro mpaka mtoni bila kugombania mlango. Na mlango wenyewe ni nyumba yako."

Ulijua kwa sababu ulikulia Rudewa, baba yako akiangalia pampu kwenye bwawa la shamba la mkonge. Sisi wengine maji tuliyajua ya kwenye ndoo tu.

Nilikataa hata hivyo. Na wewe peke yako katika mtaa mzima ulijua kwa nini. Mdogo wangu Hosiana tulimtoa kwenye shimo la kufyatulia matofali. Lilikuwa la mtu fulani, akamaliza kujenga akahama, mvua ikalijaza. Juu maji yalikuwa safi kabisa, yametulia, na kandambili moja inaelea. Alikuwa na miaka sita. Basi, hapo naacha.

Siku niliyokusimulia hukunitania. Uliweka muwa chini. Ukasema, "Lile shimo halikuwa na mwenyewe. Hili litakuwa na mwenyewe, nakuapia." Ukaanza kupanda miche ya mkonge kuzunguka uzio wa waya, kwa mikono yako, eti mtoto anaweza kuruka waya lakini mkonge utamchoma makalio na atarudi nyumbani bila kuitwa. Sasa imefika magotini, Mama Kulwa. Imeshamchoma kila mtu, na wa kwanza ni mimi.

Na ile safari yetu ya kwenda harusini kule bondeni, ulikonionyesha ziwa. Nilikuwa sijawahi kuona ziwa. Nilisimama mbali nikishikilia mkoba kwa mikono miwili. Matete yamejaa pembeni, ndege weupe, watoto wa pale wanacheza kwenye maji ya kifundo wala hakuna anayewaangalia. Nikasema mbona hawa hawafi? Ukanishika mkono ukanipeleka mpaka ukingoni na viatu vyangu vya harusi. "Angalia linavyoteremka," ukasema. "Ziwa halikuchimbwa na mtu. Linakuonya. Kifundo, goti, kiuno, unajua unakwenda wapi, unaweza kurudi. Bwawa la kuchimba halionyi. Hatua moja uko kwenye majani, ya pili uko kichwani, na kingo ni tope, huna pa kushika. Halafu linabadilika. Asubuhi kavu, jioni limejaa." Nikafurahi nikasema basi ziwa ni salama. Ukanipiga kofi la bega: "Ziwa lina mamba, Msagara! Nani kakwambia kuna maji salama? Kuna maji unayoyajua na maji usiyoyajua." Viatu viliharibika. Bado ninavyo.

Mtaa ukakaa kikao. Mjumbe akasema bwawa lipewe masika moja. Maji yakiingia ndani ya nyumba ya mtu, au mtoto akipatwa na jambo, linafukiwa, tingatinga linarudi. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka kuunga mkono hilo sharti. Wewe ukachaguliwa mwangalizi wa bwawa, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka.

Vuli ikapita bila mvua ya maana. Bwawa likakaa kavu, watu wakakucheka kwamba una bwawa la vumbi. Ukawaambia bwawa tupu ndilo bwawa zuri, lina nafasi. Ukaenda zako nyumbani ukapaka rangi mti mrefu wa kupimia maji: chini nyeupe, katikati njano, juu nyekundu. Nyeupe, kila mtu aendelee na mambo yake. Njano, watoto wasipite njia ile. Nyekundu, watu wa chini wahamishe vitu. Ukauegesha nyuma ya mlango ukauke.

Halafu presha yako ikapanda na haikushuka.

Sasa nikwambie nilichofanya kwenye msiba wako, maana hukuona, na Doto alikuwa anazimia hakuona. Wanaume walikuwa wamekupeleka makaburini. Nyumba imejaa akina mama, kilio kizito, hakuna anayepumua. Nikasema hapana, mimi ni mtani wa marehemu, kazi yangu si kulia. Nikaingia ndani nikautoa ule mti nyuma ya mlango, nikajifunga khanga, nikaanza kucheza nao uani. "Jamani, Mnyamwezi huyu kafa hana hata ng'ombe mmoja, kaniachia fimbo tu! Naondoka nayo, na siirudishi mpaka mnipe kuku!" Watu wakaanza kucheka na machozi. Shangazi yako alicheka mpaka akalala chini. Wanaume wakarudi wakanikuta ninazunguka nayo. Nikarudia: kuku! Kuku mwenye mayai!

Unajua desturi. Mtani akishika kitu cha marehemu, ndugu wanakikomboa. Nilingoja mtu alete hata kifaranga, nipate kurudisha. Mjumbe akasimama, akakohoa kile kikohozi chake cha kikao, akasema: "Kuku hatuna. Fimbo ni ya Mama Neema. Na kwa kuwa fimbo ni ya bwawa, mwangalizi wa bwawa tumeshampata." Uani pakalipuka vigelegele. Nikacheka nao. Nikadhani ni utani.

Kesho yake saa moja asubuhi Mjumbe alikuwa mlangoni kwangu na ufunguo wa geti la uzio.

Mama Kulwa! Mimi! Mimi niliyetaka lifukiwe! Mimi ambaye Neema akioga kwenye beseni ninakaa karibu. Nilikataa, akaniambia kitu kilichochukuliwa msibani hakirudishwi, labda nikamwombe marehemu. Nilitaka kulia. Kumbe nilikuwa nalia.

Nikafanya kazi, tena sana. Tulichimbia ule mti katikati ya bwawa likiwa bado kavu. Nilishuka mpaka chini kabisa, na Neema juu anapiga makofi kama nimepanda ndege. Nikakusanya madumu matupu ya mafuta, nikayafunga vifuniko, nikayatundika kwenye uzio kila moja na kamba yake, ili mtu akitumbukia arushiwe dumu ashike, na anayerusha asiingie majini naye akazama. Hilo ulinifundisha wewe. Ila nikaogopa madumu yataibiwa, nikachukua msumari niyatoboe yasifae kuchotea maji. Neema akanishika mkono. "Mama," akasema, "dumu lenye tundu nalo litaomba msaada." Nikarudisha msumari.

Kila siku ya shule nilisimama pale juu nikiwahesabu watoto wakipita, na nikiwaimbisha: mpira ukiingia, umekwenda! Mwenzako akiingia, ita mkubwa, rusha dumu! Sasa wanaimba hata wakiwa kwenye mchezo wao wa kamba. Wananiita Mama Bwawa. Sijawazuia.

Hapa ndipo ninapokiri. Kaa vizuri.

Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa ya wastani. Korongo likashusha maji ya udongo, bwawa likayapokea, likafika nyeupe ya juu. Nikawa nimesimama nje ya uzio nikitazama pale lilipo bomba la kutolea. Maji yalikuwa yanazunguka juu yake kama uji unaokorogwa, yanavuta majani, yanavuta vijiti, yanavimeza. Nikaona mguu wa mtoto pale. Hakukuwa na mtoto, nakwambia nilichokiona kichwani. Sikulala vizuri siku tatu. Bomba lina nondo, najua, ulinionyesha. Lakini moyo wangu hauna nondo.

Maji yakaisha. Nikajaza mchanga viroba vitatu, nikashuka, nikavipanga kwenye mdomo wa bomba vizuri kama mto wa kulalia. Nikaviunganisha kwa kamba ya katani, nikaipandisha mpaka kwenye nguzo ya uzio nikaifunga mafundo sita, kwa sababu Magomeni kiroba kikilala nje hakiamki. Nikapanda juu nimetulia kabisa. Nikasema sasa bwawa halina mdomo, halitamvuta mtu.

Mvua ndogo ndogo zikaja. Maji yakakaa. Mazuri, ya kijani, yametulia. Vyura wakaimba, mabata ya Bi Tausi yakaja kuogelea. Bi Tausi unamkumbuka, nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya bwawa. Watu wakapita wakisema, "Hongera Mama Neema, sasa hili ndilo bwawa!" Nikatembea kifua mbele wiki nzima. Nikasema Mama Kulwa angeniona.

Ungeniona ungenichapa. Siku moja nikautazama mti wako, maji yako katikati ya njano. Na mvua ilikuwa haijanyesha siku nne. Nikashangaa kidogo tu, nikaenda kupika. Kosa likiwa lako mwenyewe linachelewa kukuonyesha uso.

Ilikuwa Jumatatu, saa nane mchana. Mlimani kukawa kweusi, halafu mlima wenyewe ukapotea. Nilisikia korongo kabla ya kuliona. Nikapanda mbio. Maji yanaingia bwawani kwa mngurumo, na ule mti unamezwa huku ninautazama, njano inapungua, inapungua, na kule kwenye mtaro wa kutolea hakutoki hata tone. Pakavu. Ndipo nikakusikia, Mama Kulwa, sauti yako ile ile na muwa mdomoni. Benchi limejaa. Umekalisha watu kwenye benchi, hujamwita hata mmoja, na akina mama wengine ndio hao wanafika mlangoni.

Kwanza nilimpigia mwalimu, nikamwambia mtoto yeyote asitoke shuleni. Alinijibu wameshawafungia darasani, wanaimba. Nikashukuru. Kisha nikashuka mtaani ninapiga kelele. Mjumbe akatoka na mwavuli. "Bomba limezibwa!" "Na nani?" "Tuvute kwanza, utanigombeza baadaye!"

Wakaja watu, wanaume kwa wanawake, wamejifunika mifuko ya saruji. Hakuna aliyeingia ndani ya uzio, hilo nilisimamia nikiwa nimetanua mikono kama kuku mwenye vifaranga. Tukaikata kamba pale kwenye nguzo tukaishika kwa nje, mstari mrefu. Bi Tausi akaliokota lile fundo, akaligeuza, akasema kwa sauti ya kufikia mtoni: "Fundo hili nalijua! Hata mbuzi wake kamfunga hivi hivi! Mama Neema, ni wewe!" Nikasema ndiyo ni mimi, vuta! Akasema, "Navuta, lakini ni wewe!" Na ndiyo ukawa wimbo. "Ni nani?" "Mama Neema!" "Kafanyaje?" "Kaziba!" Vuta. "Ni nani?" "Mama Neema!" Nilivuta huku ninaimba jina langu mwenyewe, machozi na mvua havijulikani.

Nyekundu ikaanza kulowa. Viroba havikusogea. Maji yalikuwa yamevibana kwenye nondo. Mjumbe akaamuru watu wa chini watoe vitu. Bi Tausi hakwenda. Akasema, "Nikitoka hapa kamba itakuwa na mikono miwili pungufu," akabaki, na nyumba yake ndiyo ya kwanza. Tukavuta tena. Kiroba kimoja kikachanika, nadhani, maana kamba ililegea ghafla na sote tukaanguka chali kwenye tope, Mjumbe chini na Bi Tausi juu yake na mwavuli katikati. Kisha kule chini bomba likakohoa. Likakohoa tena. Halafu likatapika, Mama Kulwa! Maji yakapiga mtaro kama yamefunguliwa gerezani, ya udongo, mazito, yakafuata njia yake pembeni mwa nyumba, hayakumgusa mtu, mpaka mtoni.

Hakuna aliyenyanyuka. Tulikaa pale pale kwenye tope tunautazama mti. Maji yakasimama kwenye nyekundu, kidole kimoja ndani ya nyekundu. Yakasimama muda ambao sijui nikuambieje. Mvua inanyesha, korongo linaingiza, bomba linatoa. Kisha nikaona mstari mwembamba wa rangi iliyolowa juu ya maji. Yameshuka. Nikamshika Bi Tausi mguu kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Jioni watoto walirudi kwa njia nyingine, mbali na bwawa, na mwalimu mbele. Neema akanikuta nina tope mpaka kwenye kope akasema, "Mama, umeogelea?"

Jumatano lilikuwa kwenye nyeupe. Ijumaa, tope na vyura tu, na mabata ya Bi Tausi yamenuna. Hakuna nyumba iliyoingiwa na maji. Hata moja.

Masika yakaisha, kikao kikaitwa. Nilivaa nguo ya kanisani. Nilisimama mimi wa kwanza, kabla Mjumbe hajakohoa, nikasema wote mnajua, niliziba mimi, kwa sababu ya woga, kidogo niwazamishe. Kama mnalifukia, msilifukie kwa kosa langu, bwawa halina kosa. Chukueni ufunguo mpeni mtu jasiri. Nikaketi.

Watani zangu wengine, Wanyamwezi wenzako, wakaanza: "Msagara anaogopa maji yakija, anaogopa na yakiondoka!" Kikao kikacheka, nikacheka. Wakanitoza faini ya kuku, kwa sababu nilidai kuku msibani kwako na sasa zamu yangu. Nilitoa. Mwenye mayai.

Kisha Bi Tausi akasimama. Hasemi sana kwenye vikao, unamjua. Akasema, "Mimi niko chini kabisa. Miaka yote maji yakija mimi ndiye ninayeyaona kwanza, na safari hii niliyaona kutoka juu. Bwawa libaki. Na huyu abaki. Aliyeogopa mpaka akaziba bomba, siku nyingine ataogopa mpaka alizibue. Mtu asiyeogopa chochote mimi simtaki pale juu ya kichwa changu."

Mikono ikanyooka. Sikuihesabu kwa sababu nilikuwa nimeinua wangu na uso umeinama.

Bwawa halifukiwi, Mama Kulwa. Limebaki. Sasa unaweza kupumua, au chochote mnachofanya huko.

Na hapa Mikumi tumekuja na darasa la Neema kuona wanyama. Mimi ni mmoja wa wazazi wasindikizaji. Niliwahesabu watoto mara kumi na moja kabla ya geti la hifadhi, mwalimu akaniomba nipumzike. Tulisimama mbali na bwawa la viboko, ndani ya gari, na mhifadhi kijana akawa anatueleza. Watoto wanapiga kelele za viboko, mimi nikanyoosha mkono nikauliza, "Samahani mwanangu, bomba la kutolea liko wapi?" Gari zima likageuka. Yule kijana hakucheka, Mungu ambariki. Akasema mama, hapa maji hayana bomba. Wakati wa masika yanatandaa kwenye mbuga yote, nyasi na udongo vinayanywa taratibu, kiangazi yanarudi nyuma, na wanyama wanajua wasogee lini. Nikatazama lile bonde pana lisilo na nyumba hata moja. Nikafikiri, kumbe Magomeni yetu nayo ilikuwa hivi, kabla hatujaja na mabati yetu. Ilikuwa benchi, nasi tukalikalia. Maji yalikuwa yanakuja mahali pake tu, wala hayakuwa na ugomvi nasi.

Ulikuwa unalijua hili, sivyo? Ungeniambia mapema ningekubali bila kelele. Hapana, nisiseme uongo. Ningepiga kelele.

Doto ni mzima, amenenepa, madereva wanamwogopa. Anapika maharage ya nazi kama yako, anazidisha chumvi kama wewe. Jana alinishika mikono akayatazama makovu ya kamba. Nilimwambia mama yako alinifanyia ujanja hata akiwa ndani ya sanda. Akacheka kicheko chako. Ikabidi nitoke nje kidogo nikatazame malori.

Watoto wameshapanda gari, Neema ananipungia, daftari lake analitaka. Sitakuambia ulale salama, hukuwahi kulala mvua ikinyesha na sitegemei uanze. Nakuaga hivi tu, kama tulivyoagana kila jioni, mmoja akiwa bado anaongea. Na nakuahidi: kila wingu litakapokaa mlimani, nitakuwa pale juu kabla kengele ya shule haijalia, na bomba lako litabaki wazi, hata moyo wangu useme nini. Na siku miguu itakapokataa kupanda, sitamkabidhi ufunguo shujaa yeyote wa mtaa. Nitazunguka Magomeni nyumba kwa nyumba mpaka nimpate mama anayewahesabu watoto wake hata wakiwa wamekaa mbele yake wanakula, nami nitamwambia, njoo, ni wewe.

Mtani wako,
Mama Neema